Bei Iliyoandikwa Ubaoni

Gisuru, Burundi
4 Februari 2023

Baba yangu,

Shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yake. Nimefika. Pale Mabamba mpakani waliitazama karatasi yangu ya ujirani mwema, kibali cha kuvukia, mbele na nyuma, wakanitazama na mimi, wakagonga muhuri. Twalibu, yule mnunuzi wa maharage wa Kibondo uliyenikabidhi kwake, alinifikisha hadi mlangoni kwa shangazi Esteri. Anavuka kila Jumamosi ya soko, na barua zangu zote atazibeba yeye.

Uliniagiza nikuandikie bei za kila siku, ujue faranga zako zina nguvu kiasi gani kabla hujazileta kununua itongo, shamba la babu. Basi naanza.

Sukari kilo moja nimelipa 5,000. Ubaoni imeandikwa 3,300, bei ya serikali, lakini mwenye duka alisema hiyo ya ubaoni imekwisha, akainama chini ya meza akatoa nyingine. Mche wa sabuni nimelipa 2,500, ubaoni 1,800. Mafuta ya mawese hayana ubao, kila mama na bei yake.

Mara ya kwanza nilipolipa nilitoa noti ya elfu kumi nikasimama. Kila kitu nilikuwa nakigeuza kwanza kuwa shilingi kichwani ndipo nijue kama ni ghali, na watu nyuma yangu walichoka. Yule mama wa duka akawaambia, “Mtanzania huyu anahesabu kama anaomba msamaha.” Wakacheka. Nilisahau hata chenji, ilibidi aniite.

Baba, naomba usikasirike. Wabadilishaji wa hapa wanatoa shilingi 600 kwa faranga elfu moja. Shangazi anasema ulipoanza kuzitunza, elfu moja ilikuwa shilingi elfu moja na ushee. Labda ungezigeuza mapema. Ni wazo tu.

Fomu ya chuo cha ualimu ikitoka hapo Kasulu naomba unichukulie.

Mwanao,
Winifrida


Heru Juu, Kasulu
19 Februari 2023

Mwanangu Winifrida,

Barua yako imefika. Mama Mwajabu wa dukani Kibondo aliipokea kwa Twalibu akampa kondakta wa basi la Kasulu. Ndiyo njia yetu kuanzia sasa. Sisi tuzima. Mbuzi mmoja anachechemea.

Nimeisoma mara mbili na mara zote mbili nimeona aibu. Imeandikwa 3,300, wewe unalipa 5,000? Miaka minne ya sekondari hawakuwafundisha kusoma ubao? Umeibiwa, Winifrida, na umeibiwa kwa sababu unatazama chini unapoongea na watu. Mimi nimenunua na kuuza na Warundi tangu kabla hujazaliwa, na mimi mwenyewe nilitoka huko nikiwa mgongoni kwa mama yangu. Usinifundishe faranga. Kuanzia leo niandikie bei iliyoandikwa. Bei iliyoandikwa ndiyo bei. Nyingine ni wizi, na sitaki kusoma wizi.

Jambo la pili. Jumapili ulinipigia simu ukaanza kutaja faranga. Nilikata makusudi. Nilikuwa kwa kinyozi, na simu hii yangu inapaza sauti kama kengele ya kanisa. Ndayisaba wa hapa kijijini alitaja fedha za ng'ombe wake kwenye simu, wiki haikuisha wakamvunjia mlango. Mambo ya fedha ni ya karatasi. Ukiwa na neno la haraka, panda huko inakoshika laini ya Tanzania, unisalimu vizuri kama binti aliyelelewa, kisha useme “soma barua”. Basi.

Faranga za kwenye mzinga ni milioni tatu na laki nane. Hakuna mwizi anayepandisha mkono kwenye mzinga wa zamani juu ya dari ya jikoni, anaogopa nyuki walioondoka zamani. Hizo ni za itongo. Za chuo chako, laki saba za Tanzania, ziko kwenye sanduku la mama yako, na hizo hazihusiani. Nimesema hazihusiani. Utakuwa mwalimu. Lakini mwalimu asiye na kwao atamfundisha nani?

Hapa tuna vitambulisho vya uraia, tunalima, tunapiga kura, na bado tukigombania mpaka wa shamba jirani ananiambia “wewe Mrundi”. Nataka mahali nikisimama pasiwe na mtu wa kuniambia neno.

Baba yako,
Kipriani Nduwayezu


Gisuru
18 Machi 2023

Baba yangu,

Shikamoo. Nimepokea maneno yako na nimeyashika. Nisamehe.

Sasa nimesimama vizuri mbele ya duka nikautazama ubao. Sukari 3,300. Mche wa sabuni 1,800. Chumvi 1,000. Mchele 3,000.

Nilikwenda kwa mzee Reverien, yule anayelima itongo la babu. Nilipiga magoti nikamsalimu, nikashindwa kuanza, shangazi akaanza kwa niaba yangu. Anataka milioni tano. Alisema, “Mwambieni Kipriani aharakishe. Alitoka hapa hana meno, asisubiri kurudi hana meno.” Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nililitazama shamba. Lina migomba na mti mmoja wa parachichi, na chini kabisa kuna kijito. Ni zuri, baba. Sikujua kwamba ni zuri.

Amekubali kusubiri mpaka mwisho wa Juni, maharage yakishavunwa.

Kuna jingine. Twalibu anasema amesikia noti kubwa zitabadilishwa, za zamani zitakataliwa. Shangazi anasema ni uongo wa wachuuzi. Eti hata mwaka juzi waliusema hivyo hivyo, watu wakaogopa, wakawauzia faranga kwa bei ya kutupa, kisha hakuna kilichobadilika. Nakuandikia tu ujue.

Fomu ya chuo imetoka?

Mwanao,
Winifrida


Heru Juu
16 Aprili 2023

Mwanangu,

Sasa ndiyo barua. Nimeisoma kwa sauti, na jirani yetu Nestori alikuwepo. Amesema, “Huyu binti ameiva.” Mama yako amefurahia kijito.

Jana nilishuka Kasulu sokoni. Yule mbadilisha fedha Saady, anayekaa karibu na wauza mitumba, aliniambia atanipa shilingi 550 kwa kila faranga elfu. Nikatoa barua yako mfukoni. Nikamwambia, Saady, mtoto wangu yuko kule kule, kwa macho yake. Sukari kule 3,300. Sukari hapa Kasulu 3,000. Basi faranga na shilingi ni ndugu wanaolala kitanda kimoja, wewe unataka kumfukuza mmoja alale chini? Watu walicheka. Saady akasema tu, “Mzee, nenda wewe mwenyewe ukanunue.” Nikamwambia, mwanangu anatosha.

Imebaki milioni moja na laki mbili kutimiza tano. Nitauza mahindi yote. Wiki ya mwisho ya Juni nitakuja mwenyewe na mfuko.

Fomu imetoka na nimeichukua. Mwisho wa kulipa ni tarehe 15 Julai.

Baba yako,
Kipriani


Gisuru
20 Mei 2023

Baba yangu,

Shikamoo. Ubao wa duka haujabadilika. Sukari 3,300.

Shangazi siku hizi anakunywa chai bila sukari, anasema ni nzuri kwa meno. Mimi nimezoea.

Nilikuwa na jambo la kukuambia kuhusu bei, lakini Twalibu amefika na anasubiri, pikipiki inaunguruma. Nitaliandika safari ijayo.

Mwanao,
Winifrida


Gisuru
8 Juni 2023

Baba,

Shikamoo. Isome hii upesi.

Jana wametangaza. Noti za elfu kumi na za elfu tano, hizi zote za zamani, zinaondolewa, na si uvumi. Shangazi amesikia redioni na leo bango limebandikwa hapa. Wametoa siku kumi. Lazima zipelekwe benki, ziingie kwenye akaunti. Baada ya tarehe 17 ni karatasi tu.

Shangazi anasema ulete zote siku hiyo hiyo utakayoipata barua hii. Yeye ana akaunti Ruyigi, ataingiza kwa jina lake kidogo kidogo. Usingoje mahindi. Uje Mabamba, nitakusubiri pale mpakani kila siku kuanzia Jumatatu, nimeshaomba ruhusa kwa shangazi.

Usimwamini mtu akikuuzia faranga sasa, hata kwa bei ndogo.

Leo nitapanda kilima cha kanisa nikupigie. Barua nampa Twalibu Jumamosi asubuhi. Utaipata Jumatatu.

Winifrida


Heru Juu
12 Juni 2023

Mwanangu Winifrida,

Nimekusikia vizuri ile siku ya simu. Umesalimu vizuri sana, mpaka mbuzi umemuuliza hali. Mama yako alisema, “Mtoto wa Muha huyo, salamu hazimwishi.” Ukasema “soma barua” na simu ikakatika. Leo ni Jumatatu, barua bado. Naisubiri, lakini nimeshaelewa ilivyo, na nimetenda.

Tangu Alhamisi hapa Kasulu kuna kelele. Vijana wa sokoni wanasema noti za Burundi zimekufa, redio nayo imesema jambo kama hilo. Wanauza faranga kama wanatupa maganda. Mimi nikakumbuka barua yako ya Machi. Uliandika wazi: ni uongo wa wachuuzi, huwatisha watu kisha hununua kwa bei ya kutupa. Nikasema safari hii mwenye kununua kwa bei ya kutupa atakuwa Kipriani.

Saady alikuwa anauza elfu moja kwa shilingi mia tatu. Mia tatu! Nilimuuliza, Saady, unazifukuza? Akasema, “Mzee, mimi sikushauri.” Maneno ya mtu anayetaka nisinunue ili aziuze kwa bei nzuri baadaye. Nimemjua.

Nilichukua zile laki saba za kwenye sanduku. Mama yako alikaa juu ya sanduku akakataa kuinuka. Nilimwambia ni za siku kumi na tano tu. Nimepata faranga milioni mbili, laki tatu na ushee. Sasa kwenye mzinga kuna milioni sita na laki moja. Umeelewa, Winifrida? Itongo limetimia na juu yake inabaki milioni na zaidi. Tutaigeuza shilingi, ada yako itatoka, na ya kushona sare itatoka. Mahindi sijauza hata gunia.

Nilitaka nikushangaze wewe na shangazi yako, lakini nimeshindwa kunyamaza.

Barua yako ikifika nitaisoma. Najua itasema nije.

Baba yako mwenye furaha,
Kipriani


(Nyuma ya bahasha ya barua ya tarehe 8)
Ruyigi, Alhamisi 15 Juni

Mama Mwajabu, shikamoo. Ni Winifrida. Nimemkuta Twalibu hapa kwenye foleni ya benki na bahasha hii bado iko mfukoni mwake. Jumamosi hakuvuka. Alikuja huku na faranga zake mwenyewe za maharage na tangu siku hiyo analala hapa hapa kwenye foleni. Mimi nilikuwa nakaa Mabamba mpakani kila siku namsubiri baba, nikidhani amechelewa basi. Leo shangazi ameniita huku nimshikie nafasi.

Twalibu anavuka kesho. Tafadhali mama, ukiipata mpigie baba. Namba yake unayo. Mwambie alete zote. Ni Jumamosi mwisho.


Kibondo
18 Juni 2023

Winifrida,

Naandikia juu ya kaunta ya mama Mwajabu. Karatasi ni ya kwake na kalamu ni ya kwake.

Barua yako ya tarehe 8 nimeipokea jana tarehe 17 saa nne asubuhi. Nilipanda basi la saa sita na mfuko wa unga wa muhogo, faranga chini, unga juu. Basi lilipasuka tairi mara moja. Leo asubuhi nilifika Mabamba. Nilimwonyesha kijana mmoja anayebadilisha pesa pale chini ya mwavuli. Hakuzishika hata kwa kidole. Akaniambia, “Mzee, funika unga wako usimwagike.”

Sikuvuka.

Mama Mwajabu anasema alinipigia Ijumaa jioni, akaanza, “Baba Winifrida, zile faranga,” nami nikakata. Ni kweli, nilikata. Nilikuwa kwenye jumuiya, watu wamekaa.

Barua yako ina mstari unaosema nisimwamini mtu akiniuzia faranga. Nimeusoma mstari huo mara nyingi ndani ya basi.

Narudi Heru Juu. Usinipigie.

Kipriani Nduwayezu


Kibondo
9 Julai 2023

Baba yangu,

Shikamoo.

Nimevuka wiki iliyopita. Nilikuwa nije moja kwa moja nyumbani, nikafika stendi ya Kibondo, basi la Kasulu likajaa likaondoka, na mimi nimesimama. Mama Mwajabu alinikuta hapo jioni. Ananipa pa kulala na elfu arobaini kwa mwezi, nauza dukani. Nimejifunza kutazama watu usoni kidogo. Siyo sana.

Shangazi amesalimika na faranga zake chache. Mzee Reverien ameuza itongo kwa mtu wa Ruyigi. Shangazi alinikataza nisikuambie. Nakuambia.

Sasa lile jambo nililosema Mei kwamba nitaliandika.

Sikuwahi kununua sukari kwa 3,300. Hata siku moja. Mwezi Machi nililipa 5,500, Aprili 6,000, Mei haikupatikana kabisa mpaka umjue mtu. Sabuni sikuipata kwa 1,800. Mchele wa 3,000 sikuuona, niliona ubao wake tu. Uliponiambia kwamba nimeibiwa, niliona aibu, nikaanza kukuandikia kilichoandikwa. Kila neno nililoandika lilikuwepo pale ubaoni. Nilijiambia sidanganyi, nanakili. Shuleni tulinakili ubao miaka yote na tulipewa alama.

Ulipoandika kwamba uliisoma barua yangu mbele ya Saady na watu wakacheka, nilijua ni mimi niliyekufanya uchekwe. Nilitaka kusema. Lakini uliandika “sasa ndiyo barua”, na hujawahi kuniambia hivyo kwa jambo lolote.

Na ule uvumi wa Machi, niliuandika kama shangazi alivyousema. Sikuuliza mtu mwingine hata mmoja. Kuuliza kunanitisha.

Ningekuandikia nilicholipa, usingenunua zile za Saady. Najua hivyo. Za mzinga labda zingekufa hata hivyo, lakini za sanduku zisingekufa.

Tarehe 15 Julai itapita Jumamosi hii. Mama asihangaike kukopa. Nimeshazoea kwamba itapita.

Mwanao,
Winifrida


Heru Juu
13 Agosti 2023

Mwanangu Winifrida,

Ni mimi mama yako. Mwandiko wangu unaujua, usicheke. Baba yako hajui naandika. Au anajua, kalamu ni yake.

Barua yako aliisoma peke yake kwanza, kisha akanisomea mimi. Aliisoma yote. Hakuruka mahali. Alipofika kwenye ile ya kunakili ubao alisema, “Mimi ndiye niliyeagiza.” Kisha akasema, “Na yeye ndiye aliyetii.” Mpaka leo sijajua analaumu nani.

Za mzinga bado ziko kwenye mzinga. Nilimwambia anipe niwashie moto, kuni zimelowa, akanitazama mpaka nikatoka jikoni kwangu mwenyewe.

Kila Jumamosi anashuka Kasulu sokoni. Nilidhani anakwenda kugombana na Saady. Nikamfuata. Hagombani na mtu. Anapita meza hadi meza, anauliza bei. Dagaa, sukari, misumari, ndala, daftari. Anauliza hii nalipa ngapi, na hiyo ndiyo ya mwisho? Anasikiliza mpaka mwisho, anasema asante, anaondoka. Hanunui kitu. Wauzaji wamemzoea. Wengine wanamwita Bwana Bei. Vijana wakimwona wanapaza sauti, “Bwana Bei, leo tunauza hewa, kilo shilingi ngapi?” Naye anasimama, anamjibu kila mmoja salamu yake. Nikamuuliza, baba Winifrida, unatafuta nini? Akasema, nahakikisha.

Saady alimpa mkono wa pole akaupokea. Hilo nililiona.

Sanduku liko tupu lakini bado nalifunga.

Sasa ana swali. Hataki kuliandika, hataki kulipiga. Anakaa nalo. Juzi usingizini aliliuliza kwa sauti, asubuhi nikamwambia nitalipeleka mimi. Anauliza: ile siku ya simu, tarehe 8, ulipomsalimu vizuri, ukasema soma barua. Siku ile ulikuwa umeshajua?

Mjibu yeye, si mimi. Mimi jibu nalijua, nilikuzaa.

Mama yako


Kibondo
27 Agosti 2023

Baba yangu,

Mama amenipa swali lako.

Nilijua.

Nilipanda kilima cha kanisa jioni ile nikiwa tayari nimeandika barua, iko kwenye mfuko wa sketi. Laini ilikuwa na salio la dakika mbili. Ulipopokea nikasema shikamoo, nikakuuliza umeshindaje, nikauliza mama ameshindaje, mguu wake, mvua, maharage, Nestori na watoto wake, mbuzi anayechechemea. Wewe ukaniuliza shangazi, na kanisa la huku, na kama nakula. Nilikuwa nayajibu yote huku nimeishika barua juu ya kitambaa. Nilisikia watu nyuma yako. Nilisikia mtu anacheka. Nikafikiri, nikisema sasa, atakata, na atakuwa amekasirika, na atakuwa sahihi maana aliniagiza. Ukalia ule mlio wa salio kwisha. Nikasema soma barua. Nikashuka kilimani nimefurahi, baba. Hilo ndilo lisilonitoka. Nilishuka nimefurahi kwamba nimefanya kama ulivyotaka.

“Noti zinakufa, usinunue.” Nimeyapima maneno hayo kwa saa ya dukani. Ni sekunde mbili. Hata ungekata, ungekuwa umeshayasikia.

Kutoka hapa Kibondo hadi Kasulu nauli ni ndogo, ninayo. Kila Jumapili naihesabu na kila Jumapili naipeleka sadaka. Sijui kuingia uani nikakukuta umekaa. Mama Mwajabu anasema, “Binti, baba hafi kwa kukuona,” lakini yeye hajawahi kumwandikia mtu bei.

Uliniagiza nikuandikie bei za kila siku. Hukuwahi kuniondolea kazi hiyo, kwa hiyo naimalizia.

Sukari kilo, kwa mama Mwajabu, 3,200. Mimi mwenyewe ndiye ninayeipima na ndiye ninayepokea pesa. Mche wa sabuni 2,500. Daftari la kurasa mia, 1,500, nilijinunulia moja na bado sijaliandika. Bahasha hii na karatasi, 300. Ndizo nilizolipa. Ubao wetu tuliufuta, mteja akiuliza bei namjibu kwa mdomo, nikimtazama.

Simu ya dukani namba yake nimeiandika nyuma ya bahasha. Iko juu ya kaunta, wateja husimama hapo, kila mtu husikia kila kitu. Ipigie hiyo hiyo. Nitaipokea mimi, saa yoyote.

Ila ukipiga, baba, usinisalimu.

Winifrida